Je, kuzaliwa mara ya pili kunamhakikishia mtu maisha mapya? Swali lililotokana na gunia la lumbesa

Mnunuzi wa Nafaka, Dodoma mjini

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, na ninaliandika hapa kwa sababu nikiliuliza kanisani kwetu watadhani nimeanza kurudi nyuma.

Niliokoka mwaka 2018 katika mkutano wa injili uliofanyika hapa mjini. Kabla ya hapo nilikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni, na nilikuwa nimempangia chumba mwanamke mwingine huku mke wangu akikopa unga kwa jirani. Tangu usiku ule sijaonja pombe. Chumba kile nilikirudisha kwa mwenye nyumba ndani ya wiki hiyo hiyo, na mke wangu aliyajua yote kutoka kinywani mwangu, si kwa watu. Kwa hiyo ninaposimama kushuhudia hupenda kusoma 2 Wakorintho 5:17, kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya, na kanisa zima huitikia, kwa kuwa wengi wao walinijua nilivyokuwa.

Kazi yangu ni kununua mahindi na alizeti vijijini, wilayani Kongwa, na kuyauza hapa mjini. Jumapili moja, nilipokwisha kushuhudia, alikuwapo ibadani mzee mmoja mgeni aliyekuja kumtembelea binti yake. Wakati wa kupeana mikono mlangoni aliushika mkono wangu bila kuuachia, akaniambia kwa upole kabisa: "Bwana asifiwe, ndugu. Nimefurahi kusikia kwamba umeokoka. Na lile gunia langu, nalo limeokoka?"

Kwa wasioifahamu biashara hii, nieleze. Gunia la kilo 100 huchukua takriban debe sita za mahindi. Lumbesa ni gunia ambalo likishajaa halifungwi mdomo, bali huongezewa kichuguu cha mahindi juu yake, kisha hufunikwa kwa kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba pande zote, hata likisimama linaonekana kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, ilhali ametoa debe saba, na wakati mwingine zaidi. Mimi nikifika mjini naweka mizani na kuuza kwa kilo. Tofauti ile ndiyo iliyojenga sebule ya nyumba yangu.

Serikali imepiga marufuku lumbesa miaka mingi, nami nilijua, lakini nililichukulia kama jambo la kukwepa ofisa wa vipimo, halikuwahi kuwa jambo la kutubu. Nilikuwa naomba Mungu abariki safari kabla ya kwenda kununua. Nilikuwa natoa fungu la kumi katika faida hiyo hiyo. Kwa miaka yote hiyo ya wokovu sikuwahi kuchomwa moyo hata siku moja, mpaka yule mzee aliponishika mkono.

Ndiyo maana nauliza, na naomba nijibiwe kwa uzito wake: je, kuzaliwa mara ya pili kunamhakikishia mtu kwamba maisha yake yatabadilika? Kama kunahakikisha, basi mimi sikuzaliwa, nami nimekuwa nikidanganya madhabahuni. Na kama hakuhakikishi, ni kitu gani hasa tunachokihubiri tunapomwambia mlevi aje aokoke?

Mwinjilisti, Chang'ombe

Ndugu yangu, asante kwa ukweli wako. Nitajibu bila kuzunguka: ndiyo, kunahakikisha. Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, mstari wa 9, anasema kwamba kila aliyezaliwa kutokana na Mungu hatendi dhambi, kwa sababu uzao wa Mungu unakaa ndani yake. Hakusema kwamba atajitahidi kutotenda.

Tazama pia jinsi Maandiko yanavyoonyesha kwamba wokovu huingia mfukoni mapema sana. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, kazi inayofanana na yako kuliko unavyofikiri, na siku ile ile Yesu alipoingia nyumbani kwake alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemnyang'anya kumrudishia mara nne. Mlinzi wa gereza kule Filipi aliwaosha Paulo na Sila mapigo yao saa ile ile ya usiku, kabla hakujapambazuka. Waamini wa Efeso waliochoma vitabu vyao vya uganga walihesabu thamani yake wakaona ni vipande 50,000 vya fedha. Hakuna aliyesubiri miaka.

Sikuhukumu. Lakini nakushauri usiridhike na usiku ule wa mkutano kwa kuwa tu uliacha pombe. Watu huacha pombe kwa sababu ya ini. Jichunguze kama ulimpokea Kristo awe Bwana, au ulimpokea akutoe mtaroni basi.

Mwalimu wa Dini, Mpwapwa

Nimesoma swali kwa heshima kubwa, na nimesoma jibu la mwinjilisti pia. Mifano aliyoitoa ni ya kweli, ila nadhani ameichagua.

Tuanze na neno lenyewe. Katika mazungumzo ya Yesu na Nikodemo, Yohana sura ya 3, neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu ya Kiswahili inalitafsiri "mara ya pili" lina maana mbili kwa pamoja: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika maana ya kwanza peke yake, ndiyo maana akauliza habari za mtu mzima kurudi tumboni mwa mamaye. Sisi nasi, kwa kuzoea kusema "mara ya pili", tumelifanya jambo hili kuwa hesabu: nilizaliwa mara ya kwanza tarehe fulani, mara ya pili tarehe fulani, na kila mtu ana mwaka wake wa kutaja. Lakini uzito wa maneno ya Yesu uko kwenye chanzo cha uhai huo kuliko kwenye tarehe yake. Na uhai unaotoka juu, kama uhai wowote, huanza mchanga. Paulo aliwaita Wakorintho watoto wachanga katika Kristo huku akiwakemea kwa husuda na fitina. Hakuwaambia kwamba hawajazaliwa.

Kuhusu 1 Yohana 3:9, wasomaji wengi wa Kiyunani wanakubaliana kwamba kitenzi kilichotumika kinabeba maana ya mazoea, yaani mtu aliyezaliwa na Mungu haifanyi dhambi kuwa njia yake ya maisha. Pasipo kusoma hivyo, Yohana angekuwa anajipinga, kwa maana katika waraka huo huo, sura ya kwanza, mstari wa 8, ameandika kwamba tukisema hatuna dhambi tunajidanganya wenyewe. Nakiri kwamba maelezo haya hayakusaidii sana wewe, ndugu mnunuzi, kwa kuwa lumbesa ilikuwa mazoea kwelikweli.

Kwa hiyo nitakupa mfano ulio karibu zaidi na hali yako. John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo maarufu kuliko zote kuhusu neema, alimlilia Mungu katikati ya dhoruba baharini mwezi Machi 1748, akaihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kuokoka kwake. Aliacha kutukana na kukufuru. Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa, akienda pwani ya Afrika Magharibi kupakia watu, na siku za Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika sala huku chini ya miguu yao watu wamelala katika minyororo. Mwaka 1754 aliacha kusafiri, na sababu ilikuwa ugonjwa. Mwaka 1764 akawa kasisi wa Kianglikana. Kijitabu chake cha kuilaani biashara ile hadharani, na kukiri aibu ya kushiriki kwake, kilitoka mwaka 1788. Hesabu mwenyewe: ni miaka 40 tangu dhoruba.

Mfano huu hunichoma kwa sababu ya mahali ninapoishi. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876 kwa njia ile ile kuu ya misafara iliyotoka pwani ikapita hapa na Ugogo kwenda Tabora na Ujiji, na njia hiyo ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa. Habari njema na minyororo vilikanyaga vumbi moja. Newton alikuwa amekatwa ulimi wa matusi, lakini jicho lake lilikuwa bado halijaona aliowapakia. Siwezi kusema kwamba hakuwa amezaliwa, wala siwezi kusema kwamba hali hiyo ilikuwa sawa.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Mimi si mtu wa Kiyunani, ila nalima zabibu, na Yesu alisema yeye ni mzabibu, kwa hiyo kidogo nitasema.

Hapa kwetu Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Lakini hata hapa hakuna anayepanda pingili leo akachukua kapu kesho. Mwaka wa kwanza unamwagilia, unaelekeza matawi juu ya waya, unapambana na mchwa wanaokula mizizi, na zabibu hakuna. Jirani akipita anaweza kusema umepanda kuni. Namna ya kujua ni rahisi: unakwaruza gome kwa ukucha. Ukikuta kijani, acha. Ukikuta kikavu cha rangi ya kahawia mpaka ndani, ng'oa.

La pili ni kupogoa. Mzabibu uliozaa vizuri ndio tunaoukata sana, tena tunaukata mpaka mgeni anahuzunika. Na ukiwa hai, ukiukata unatoa maji kwenye jeraha, matone kwa matone, kama machozi. Kijiti kikavu ukikikata hakitoi kitu.

Yule mzee amekukata. Naona umetoa maji, maana usingeandika maneno yote hayo. Kwa hiyo mimi swali la kwamba ulizaliwa au hukuzaliwa silioni kuwa gumu. Gumu ni kwamba msimu ujao unanunuaje.

Katekista Mstaafu, Dodoma

Tumsifu Yesu Kristo. Nitaongeza kwa ufupi namna sisi Wakatoliki tunavyoliona, kwa sababu nadhani linaondoa sehemu ya mahangaiko yako.

Kwetu kuzaliwa upya ni katika Ubatizo, na Kanisa linafundisha wazi kwamba Ubatizo unaondoa dhambi zote lakini ule mwelekeo wa kutenda dhambi unabaki ndani ya mtu, ili apambane nao. Kwa hiyo hatushangai mbatizwa anapoanguka, wala hatuhitimishi kwamba Ubatizo wake haukuwa kitu. Lakini msiseme kwamba tunalegeza. Katekisimu, katika kifungu cha 2412, inafundisha kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe, na inamtaja Zakayo kwa jina. Padre anaweza kukuondolea dhambi, lakini debe la saba la yule mzee halirudi Kongwa kwa ondoleo hilo. Litarudi kwa gari lako.

Binti wa Walokole, Mvumi

Mwanangu, maana naona nakuzidi umri, nimekaa siku mbili na swali lako kabla ya kuandika.

Wazazi wangu waliokoka katika Uamsho. Nyie vijana mnapolisikia neno "mlokole" leo mnafikiri ni kila mtu anayeimba mapambio, lakini kwa wazazi wetu lilikuwa jina la watu fulani kabisa. Moto ule ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, kwenye hospitali ya misheni, Waafrika na Wazungu wakiungamiana makosa yao ana kwa ana, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na ukafika mpaka huku kwetu kwa Waanglikana wa kati. Walokole wale walikuwa na maneno yao mawili ambayo siku hizi siyasikii tena madhabahuni. Moja lilikuwa "kutembea nuruni", yaani kutoficha mbele ya ndugu. La pili lilikuwa "kutengeneza".

Kutengeneza hakukuwa kuomba msamaha kwa Mungu chumbani. Ilikuwa ni kwenda. Nikiwa msichana wa miaka kama tisa nilifuatana na baba yangu kwa miguu kutoka asubuhi mpaka jua la utosi, akiwa ameswaga mbuzi jike mmoja, kwenda kwa mtu ambaye kabla ya kuokoka alimdhulumu katika mgawanyo wa mifugo. Nakumbuka kamba ya yule mbuzi ilivyokuwa ikinikata kiganja, na nakumbuka kwamba yule mtu hakutupokea vizuri. Alimwambia baba, "Mbuzi uliyenidhulumu angekuwa amezaa mara ngapi?" Baba alinyamaza, kisha akasema, "Nitaleta mwingine." Mama alinung'unika wiki nzima. Tulirudi tena baada ya mavuno.

Sisemi haya ili kuwasifu wazee wetu kupita kiasi. Walikuwa na upofu wao. Nimewaona wakimtenga dada kwa sababu ya kusuka nywele, huku mwanamume anayempiga mkewe akiachwa kwenye mstari wa mbele kwa kuwa anashuhudia vizuri. Kila kizazi kina orodha yake ya dhambi zinazohesabika.

Na hapo ndipo ninapotaka kukushika sikio. Wewe ulipookoka, ni nani aliyekaa na wewe akakuuliza unafanya kazi gani, na unaifanyaje? Nadhani hakuna. Waliuliza pombe, wakauliza wanawake, pengine wakauliza hirizi. Ulipojibu kwamba vyote vimekwisha walishangilia, wakakupa kipaza sauti. Orodha yetu ya mlokole ina pombe, sigara na uzinzi, lakini mizani haimo, ingawa Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na nabii Amosi aliwakaripia hasa wauza nafaka waliokuwa wakingojea sabato ipite ili wapunguze kipimo. Tumehubiri mabadiliko ya mlevi kwa sababu mlevi anaonekana. Anayepunja akiwa amevaa shati safi na kutoa fungu la kumi, sisi viongozi tunamwita baraka. Nasema "sisi" kwa makusudi, kwa kuwa nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na sijawahi kumuuliza mfanyabiashara yeyote swali ambalo yule mzee wa Kongwa alikuuliza wewe mlangoni.

Sasa swali lako. Mimi naamini kuzaliwa kutoka juu kunahakikisha mabadiliko, lakini nadhani hakuhakikishi kwamba yatakuja yote usiku mmoja, wala kwamba utayaona wewe mwenyewe kabla hujaonyeshwa na mtu. Kinachohakikishwa ni kwamba ukionyeshwa hutaweza tena kulala. Hebu jiulize, yule mlevi wa mwaka 2017 angeulizwa habari ya gunia akiwa kilabuni, angefanya nini? Angecheka, na angemwagizia mzee kopo la pombe yamkini. Wewe umekosa usingizi mwezi mzima. Huyo aliyekosa usingizi ametoka wapi?

Lakini nakuonya, usiugeuze ukosefu wa usingizi kuwa ushuhuda mpya. Nimewaona watu wakilia sana kanisani na kuishia hapo. Nenda ukatengeneze.

Mwinjilisti, Chang'ombe

Nimesoma majibu yote, na mama amenigusa, kwa hiyo nikiri jambo moja kabla ya kubishana. Mimi ni miongoni mwa wanaowapa watu kipaza sauti. Nimeongoza sala ya toba kwa mamia ya watu katika mikutano, na karatasi tunayojaza baada ya hapo ina jina, namba ya simu na kanisa la karibu. Haina mahali pa kuandika kazi.

Hata hivyo siwezi kuliachia neno "ukuaji" lipite bila kulishika. Mwalimu ametuletea Newton, nami nimfuate huko huko. Newton mwenyewe, alipokuwa mtu mzima katika imani, aliandika kwamba hakuweza kujihesabu kuwa mwamini kwa maana kamili ya neno mpaka muda mrefu baada ya ile dhoruba. Yaani hata yeye hakujitetea kwa kusema nilikuwa mtoto mchanga. Na wale waliokuwa chini ya sakafu ya meli hawakunufaika kwa lolote na uchanga wake. Hiki ndicho ninachoogopa katika mafundisho ya hatua kwa hatua: hesabu ya hatua hushikwa na mwenye kukosea, na anayelipa ni mtu mwingine aliyesimama kando. Mkulima wa Kongwa amekuwa akilipia ukuaji wa ndugu yetu kwa debe moja kila msimu.

Kwa hiyo nashika msimamo wangu, ila nauweka vizuri zaidi. Sisemi kwamba hukuzaliwa. Nasema kwamba huna ruhusa ya kulitegemea jibu la swali hilo, liwe ndiyo au liwe hapana, kama sababu ya kuchelewa hata wiki moja.

Mwalimu wa Dini, Mpwapwa

Mwinjilisti amesema kweli kuhusu Newton, na nakubali nilipaswa kuitaja sehemu hiyo mwenyewe. Niongeze mstari mmoja tu. Petro alikuwa amejazwa Roho siku ya Pentekoste, amehubiri, amefungwa gerezani kwa ajili ya Jina, na bado kule Antiokia alijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wenzake, mpaka Paulo akampinga uso kwa uso mbele ya wote, kama tunavyosoma katika Wagalatia sura ya 2. Wagalatia haituambii Petro alijibu nini. Lakini waraka wa pili unaobeba jina lake unamwita Paulo ndugu mpendwa, na nimekuwa nikifikiri kwamba huenda mwandishi wake alilikumbuka lile karipio alipoyaandika maneno hayo.

Mnunuzi wa Nafaka, Dodoma mjini

Nimerudi, wapendwa. Nawashukuru wote, hata mwinjilisti, ambaye jibu lake la kwanza liliniuma, na la pili likaniuma zaidi kwa kuwa lilikuwa na haki.

Jumanne nilikwenda Kongwa. Sikwenda kununua. Nilimpata yule mzee akiwa amekaa chini ya mti nje ya nyumba yake, akipukuchua mahindi ya mbegu kwa mkono. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakanipotea, nikajikuta nimechuchumaa na mimi nimeshika gunzi napukuchua. Tulipukuchua kama mahindi kumi hivi hakuna aliyesema kitu. Kisha nikamwambia nimekuja kwa ajili ya lile gunia. Akaniuliza, "Lipi? Yalikuwa matano." Mimi nilikumbuka moja.

Tulipiga hesabu kwa debe saba badala ya sita, kwa magunia matano, kwa bei niliyouzia mjini na siyo ile niliyonunulia kwake, kwa kuwa kumbukumbu ya yule mbuzi wa baba yake mama wa Mvumi haikuniacha njia nzima. Nilimpa fedha mkononi. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, taratibu, akazifunga kwenye kitambaa, hakuniambia kwamba amenisamehe wala kwamba hajanisamehe. Alimwita mjukuu wake aniletee maji ya kunywa. Nilipoaga akaniambia niende pia nyumba ya pili kutoka kisimani, kwa mjane mmoja, na kwamba niende kabla ya jioni kwa sababu akishaingia ndani hafungui mlango.

Nilikwenda. Siku hiyo nilifika nyumba nne. Vijana wangu wawili wa kupakia wameniambia kwamba nikianza kununua kwa mizani wakati wengine wananunua kwa lumbesa nitakuwa nimefunga biashara kabla ya Krismasi, na kwa hesabu za karatasi wana haki. Mke wangu, niliyedhani atanung'unika kama yule mama wa zamani, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza ni fedha kiasi gani tumebakiwa nazo kwa ada ya muhula ujao. Nilimwambia. Akasema tutaona.

Sijui kama nimejibiwa swali langu la kwanza. Nimeacha kushuhudia kwa sasa, mchungaji wangu nimemweleza sababu, akaniomba nije nishuhudie hilo nalo. Nimemwambia bado.

Ila nina swali jingine kwa mama wa Mvumi, kama bado yuko hapa. Nimelipekua daftari langu la manunuzi tangu mwaka ule wa 2018, kurasa zote. Kila mstari una tarehe, kijiji, idadi ya magunia na bei. Majina ya watu sikuyaandika, kwa sababu wakati ule sikuona kama nitayahitaji. Wale ambao siwakumbuki kwa sura wala kwa jina, baba yako alikuwa akiwatengenezea vipi?